Kuhesabu marudio kwa fomula za lahajedwali: kutoka orodha ya alama hadi jedwali la gredi

Kila mtihani unapomalizika kusahihishwa, maswali huwa ni yale yale: wangapi wamepata A, wangapi wamepata F, wasichana wakoje wakilinganishwa na wavulana, na kwa nini jumla ya jedwali haifanani na idadi ya wanafunzi waliomo darasani. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwalimu wa somo au mwalimu wa taaluma anayejua kufungua lahajedwali na kuingiza alama, lakini bado anahesabu gredi kwa kidole au kwa vijistari vilivyochorwa pembeni mwa karatasi. Anayehesabu mauzo ya duka, wagonjwa wa zahanati au majibu ya hojaji anaweza kufuata hatua hizi hizi, akibadilisha majina ya safu tu.

Nadharia inayohitajika ni ndogo. Marudio ya thamani ni idadi ya mara ambazo thamani hiyo imejitokeza kwenye data, na jedwali la marudio ni orodha ya thamani zote, kila moja na idadi yake. Katika maelezo yote, "safu" ni ile inayoshuka chini yenye herufi (A, B, C), na "mstari" ni ule unaokwenda kando wenye namba (1, 2, 3).

Unachohitaji kabla ya kuanza

Unahitaji programu moja kati ya Microsoft Excel, Google Sheets na LibreOffice Calc. Fomula kuu za kuhesabia, COUNTIF, COUNTIFS na FREQUENCY, zinapatikana katika zote tatu. UNIQUE, ambayo tutaifikia katika hatua ya 8, inapatikana katika Google Sheets, katika Excel 2021 na Microsoft 365, na katika LibreOffice kuanzia toleo la 24.8, mwenye Excel ya 2016 au 2019 hataipata, na njia yake mbadala ipo katika hatua hiyo hiyo.

Unahitaji pia kujua alama inayotenganisha sehemu za fomula kwenye kompyuta yako. Kompyuta nyingi za Tanzania na Kenya hutumia mkato. Kompyuta iliyopangwa kwa Kifaransa, kama zilivyo nyingi za Kongo na Burundi, hutumia nukta mkato, na Excel ya Kifaransa hubadilisha hata majina ya fomula: COUNTIF inaitwa NB.SI, COUNTIFS inaitwa NB.SI.ENS, na FREQUENCY inaitwa FREQUENCE.

Mwisho, hifadhi nakala ya faili lako kwa jina jingine na ufanyie kazi nakala hiyo. Hatua ya pili itakutaka usafishe data, na usafishaji uliokosewa haurudishiki kirahisi baada ya faili kufungwa.

Data tutakayoitumia

Ili uone majibu yako kama ni sahihi, ingiza kwanza mfano huu mdogo wa wanafunzi 20 wa somo la Hisabati. Mstari wa 1 uwe na vichwa: A1 Namba, B1 Jinsi, C1 Alama, D1 Gredi, E1 Kata. Data ianzie mstari wa 2 na kuishia mstari wa 21. Safu D na E ziache wazi kwa sasa.

1 KE 78. 2 ME 45. 3 ME 29. 4 KE 66. 5 ME 31. 6 KE 52. 7 KE ABS. 8 ME 18. 9 KE 44. 10 ME 74. 11 ME 45. 12 KE 60. 13 KE 35. 14 ME 12. 15 KE 83. 16 ME 27. 17 KE 45. 18 ME 64. 19 ME 30. 20 KE 22.

Gredi ni zile za mtihani wa kidato cha nne wa Tanzania: A ni alama 75 hadi 100, B ni 65 hadi 74, C ni 45 hadi 64, D ni 30 hadi 44, na F ni 0 hadi 29. Mwalimu wa Kenya, ambako mtihani wa mwisho wa sekondari, KCSE, una gredi 12 kuanzia A hadi E, ataongeza mistari ya jedwali na kuweka mipaka yake katika fomula ya hatua ya 3, lakini namna ya kuhesabu haitabadilika.

Hatua kwa hatua

1. Amua namna ya kumwandika mwanafunzi ambaye hakufanya mtihani.

Mwandikie ABS, na uandike hivyo hivyo kwa kila mmoja. Usimwandikie 0. Sifuri ni alama halali ya mtu aliyeketi, akajibu na asipate kitu, na ukiwachanganya wawili hao idadi ya F itapanda, wastani wa somo utashuka, na hakuna fomula itakayoweza kuwatenganisha baadaye. Usiiache seli tupu pia, kwa sababu seli tupu haisemi kama mwanafunzi hakuwepo au kama wewe ndiye uliyeruka mstari wakati wa kuingiza alama.

2. Kagua data kabla ya kuhesabu chochote.

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na hapa ndipo wanaoanza hupita haraka. Katika seli yoyote iliyo wazi, andika fomula tatu zifuatazo, moja moja:

=COUNT(C2:C21)
=COUNTIF(C2:C21,"ABS")
=COUNTBLANK(C2:C21)

Ya kwanza huhesabu seli zenye namba halisi, ya pili huhesabu waliokosekana, na ya tatu huhesabu seli tupu. Kwa mfano wetu majibu ni 19, 1 na 0, ambayo jumla yake ni 20, sawa na idadi ya wanafunzi. Jumla ikipungua, maana yake kuna seli ambayo si namba, si ABS, wala si tupu. Mara nyingi ni alama iliyoandikwa kwa herufi O badala ya sifuri (3O badala ya 30), au ABS yenye nafasi mbele yake au nyuma yake, au namba ambayo programu imeihifadhi kama maandishi kwa sababu ilinakiliwa kutoka kwenye hati nyingine.

Namba iliyohifadhiwa kama maandishi unaweza kuitambua kwa macho: ukiwa hujagusa mpangilio wa seli, namba halisi hukaa upande wa kulia wa seli na maandishi hukaa kushoto. Katika Excel, chagua safu nzima ya alama, fungua menyu ya Data, bofya Text to Columns, kisha bofya Finish papo hapo bila kubadilisha kitu. Namba zitarudi kuwa namba. Katika programu nyingine, andika =VALUE(C2) kwenye safu ya pembeni, ishushe hadi mwisho, kisha nakili matokeo na uyabandike kama thamani pekee (bila fomula) juu ya alama za awali. Seli yenye ABS italeta hitilafu ya #VALUE!, hivyo hiyo iache ilivyokuwa.

Fanya ukaguzi kama huo kwa safu ya jinsi: =COUNTIF(B2:B21,"KE") na =COUNTIF(B2:B21,"ME") zinapaswa kutoa 10 na 10. Faili likijazwa na walimu watano, utakuta KE, Ke, F, na hata "Msichana". Dawa ya kudumu ni kuweka orodha ya kuchagua kupitia Data Validation, ili seli isipokee kitu kingine zaidi ya KE au ME.

3. Geuza alama kuwa gredi.

Katika seli D2 andika:

=IF(C2="ABS","ABS",IF(ISNUMBER(C2),IF(C2>=75,"A",IF(C2>=65,"B",IF(C2>=45,"C",IF(C2>=30,"D","F")))),"KAGUA"))

Ishushe hadi D21 kwa kuburuta kile kidoti kilicho kwenye kona ya chini kulia ya seli. Huenda ukajiuliza kwa nini pamewekwa ISNUMBER na neno KAGUA, wakati fomula nyingi zinazosambazwa na walimu hazina vitu hivyo. Sababu ni kwamba Excel inapolinganisha maandishi na namba, huyachukua maandishi kuwa makubwa kuliko namba yoyote ile. Mwanafunzi mwenye 29 iliyohifadhiwa kama maandishi atapewa A, na seli tupu itachukuliwa kuwa sifuri na kupewa F. Kwa fomula iliyo hapo juu, wote wawili watapata neno KAGUA, nawe utajua pa kuanzia.

4. Tengeneza jedwali la marudio kwa COUNTIF.

Andika kichwa Gredi katika G1, Idadi katika H1 na Asilimia katika I1. Kuanzia G2 hadi G7 andika A, B, C, D, F na ABS, kila moja kwenye seli yake. Kisha katika H2 andika:

=COUNTIF($D$2:$D$21,G2)

Sehemu ya kwanza ya fomula ni eneo la kuhesabia, na ya pili ni kigezo, yaani kitu unachokitafuta. Ishushe hadi H7. Majibu yatakuwa A 2, B 2, C 6, D 4, F 5 na ABS 1. Katika H8 andika =SUM(H2:H7), ambayo inapaswa kutoa 20.

Onyo: alama za dola si mapambo. Zinalifunga eneo ili lisitembee unapoishusha fomula. Jaribu kuziondoa uone kinachotokea. Fomula ya C, iliyo mstari wa 4, itaanza kuhesabu kutoka D4, itamkosa mwanafunzi wa pili, na kutoa 5 badala ya 6. Fomula ya F itaanzia D6, itamkosa mwanafunzi wa tatu, na kutoa 4 badala ya 5. A, B, D na ABS zitabaki sahihi kwa bahati tu, na jumla itakuwa 18. Kosa hili halileti ujumbe wowote wa hitilafu. Ni jumla ya H8 peke yake inayoweza kukuambia kwamba kuna jambo, ndiyo maana jedwali lisilo na mstari wa jumla halifai kupelekwa kwa mkuu wa shule.

5. Ongeza asilimia.

Katika I2 andika =H2/SUM($H$2:$H$6), ishushe hadi I6, kisha zipe seli hizo mtindo wa asilimia. Angalia kwamba kigawanyo kinaishia H6: tunagawanya kwa waliofanya mtihani (19) wala si kwa waliosajiliwa (20). F itakuwa asilimia 26.3 na C itakuwa 31.6. Ofisi nyingine hutaka asilimia ya waliosajiliwa. Hilo si kosa, mradi uandike chini ya jedwali ni msingi upi uliotumika, kwa kuwa ubishi mwingi wa ufaulu kati ya shule na shule hutokana na vigawanyo viwili tofauti.

6. Tenganisha kwa jinsi kwa COUNTIFS.

Andika KE katika J1 na ME katika K1. Katika J2 andika:

=COUNTIFS($D$2:$D$21,$G2,$B$2:$B$21,J$1)

Ishushe hadi J7, kisha, seli zote zikiwa bado zimechaguliwa, iburute kulia hadi safu K. COUNTIFS hupokea vigezo kwa jozi, eneo na kigezo chake, eneo na kigezo chake, na huhesabu mstari pale tu vigezo vyote vinapotimia kwa pamoja. Safari hii dola zimewekwa nusu nusu: $G2 inaifunga safu na kuuacha mstari utembee, J$1 inaufunga mstari na kuiacha safu itembee. Wasichana watakuwa A 2, B 1, C 3, D 2, F 1, ABS 1. Wavulana watakuwa A 0, B 1, C 3, D 2, F 4, ABS 0. Gredi ambayo kwa jumla ilionekana kuwa F 5 sasa inasema jambo jingine kabisa, kwamba wanne kati ya watano ni wavulana.

Maeneo yote ndani ya COUNTIFS lazima yawe na urefu sawa. Ukiandika D2:D21 pamoja na B2:B20, Excel itakupa #VALUE!.

7. Hesabu kwa mipaka, moja kwa moja kutoka kwenye alama.

Wakati mwingine huhitaji gredi bali makundi ya alama. Ziko njia mbili.

Njia ya kwanza ni COUNTIFS yenye alama za kulinganisha:

=COUNTIFS(C2:C21,">=45",C2:C21,"<65")

Jibu ni 6. Alama ya kulinganisha na namba yake hukaa ndani ya alama za kunukuu. Ikiwa mpaka umeandikwa kwenye seli, tuseme M2, basi alama ya kulinganisha pekee ndiyo inayonukuliwa, na seli huunganishwa kwa &: ">="&M2. Ukiandika ">=M2" programu haitaisoma seli; itaichukua M2 kuwa maandishi ya kulinganisha nayo, na kukupa sifuri bila kulalamika.

Njia ya pili ni FREQUENCY, inayohesabu makundi yote kwa mpigo. Andika mipaka ya juu ya makundi katika M2 hadi M5: 29, 44, 64, 74. Kisha katika N2 andika:

=FREQUENCY(C2:C21,M2:M5)

Katika Google Sheets na katika Excel mpya, majibu matano yatashuka yenyewe: 5, 4, 6, 2, 2. Katika Excel ya zamani na katika LibreOffice, chagua kwanza seli tano, N2 hadi N6, andika fomula, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Enter kwa pamoja. Majibu ni matano ingawa mipaka ni minne, kwa sababu jibu la mwisho ni la wote waliouvuka mpaka wa mwisho, ambao kwetu ni wale wenye A. FREQUENCY huruka ABS na seli tupu bila kuulizwa.

Hapa kuna mtego wa desimali unaostahili kusomwa taratibu. Chukua mwanafunzi ambaye wastani wa karatasi zake mbili ni 74.5. COUNTIFS yenye ">=65" na "<=74" haitamhesabu popote, kwa sababu 74.5 si ndogo kuliko 74 wala si sawa nayo, na yenye ">=75" nayo haitamhesabu. FREQUENCY yenye mpaka wa 74 itampeleka kundi la A, kwa kuwa ameuvuka mpaka. Fomula ya hatua ya 3 itampa B. Mwanafunzi mmoja, majibu matatu. Amueni kwanza shuleni kama alama zinakadiriwa, kisha kama zinakadiriwa zipitisheni zote kwenye =ROUND(C2,0) kabla ya hesabu nyingine yoyote; na kama hazikadiriwi, tumieni "<75" badala ya "<=74". Uamuzi huo ni wa ofisi ya taaluma. Usiuachie programu.

Njia hii hii hufaa kwa madaraja ya ufaulu wa kidato cha nne wa Tanzania. Ikiwa una safu ya pointi za masomo saba bora, mipaka ni 17, 21, 25 na 33, na majibu matano yatakuwa idadi ya daraja la I, II, III, IV na 0 kwa mfuatano huo.

8. Hesabu thamani usizozijua kabla.

Gredi tunazijua, lakini kata wanakotoka wanafunzi hatujui zitakuwa ngapi wala zimeandikwaje. Jaza safu E hivi: Mbagala mara 5, mbagala kwa herufi ndogo mara 2, Mbagala Kuu mara 3, Chamazi mara 6 na Charambe mara 4. Katika P2 andika =SORT(UNIQUE(E2:E21)), ambayo itatoa kila jina mara moja kwa mpangilio wa alfabeti. Katika Q2 andika =COUNTIF($E$2:$E$21,P2) na uishushe hadi jina la mwisho.

Katika Excel utapata majina manne na jumla ya 20. Katika Google Sheets utapata majina matano na jumla ya 27. Sababu ni kwamba UNIQUE ya Google Sheets hutofautisha herufi kubwa na ndogo, hivyo inaorodhesha Mbagala na mbagala kuwa vitu viwili, wakati COUNTIF haitofautishi, na kwa hiyo kila mmoja wao anapewa wote 7. Sawazisha maandishi kwanza kwenye safu ya pembeni:

=PROPER(TRIM(SUBSTITUTE(E2,UNICHAR(160)," ")))

TRIM huondoa nafasi za ziada. SUBSTITUTE inashughulikia aina nyingine ya nafasi, inayokuja na maandishi yaliyonakiliwa kutoka kurasa za intaneti, ambayo TRIM haiigusi. Na PROPER huanza kila neno kwa herufi kubwa. Nakili matokeo, yabandike kama thamani juu ya safu E, kisha uhesabu upya.

Mwenye Excel isiyo na UNIQUE atumie PivotTable: chagua data pamoja na vichwa, fungua menyu ya Insert, bofya PivotTable, weka Kata kwenye Rows na Kata tena kwenye Values. Wengine huona kwamba hii ni rahisi kuliko fomula zote, nami sibishani nao, ila wakumbuke kwamba PivotTable ya matoleo hayo ya Excel haijisasishi data ikibadilika. Lazima ubofye Refresh. Mwenye Google Sheets anaweza kupata orodha na idadi kwa fomula moja, ikiwa imepangwa kuanzia kubwa kwenda ndogo:

=QUERY(E1:E21,"select E, count(E) where E is not null group by E order by count(E) desc label count(E) 'Idadi'",1)

9. Tafuta thamani iliyojirudia zaidi.

Kwa namba, =MODE.SNGL(C2:C21) hutoa 45, alama iliyopatikana na wanafunzi watatu. Kwa gredi, ambazo ni maandishi, tumia jedwali la hatua ya 4: =INDEX(G2:G6,MATCH(MAX(H2:H6),H2:H6,0)), ambayo kwetu inatoa C. Gredi mbili zikilingana kileleni, fomula hii itataja ya kwanza tu, hivyo litazame jedwali lenyewe kabla ya kuandika taarifa.

Makosa yanayojirudia na namna ya kuyatatua

*Jedwali linatoa sifuri kila mahali.* Linganisha seli mbili zinazoonekana kufanana kwa =LEN(D2) na =LEN(G2). Zikitoa 1 na 2, kuna nafasi iliyojificha kwenye mojawapo. Kama urefu unalingana, hakikisha fomula inalenga safu iliyokusudiwa.

*Fomula inaonekana yenyewe badala ya jibu.* Seli imewekewa mtindo wa maandishi. Ibadilishe kuwa General, ingia ndani ya seli, kisha bonyeza Enter tena. Seli zote zikionyesha fomula kwa pamoja, umewasha Show Formulas bila kukusudia. Izime katika menyu ya Formulas.

*Majibu hayabadiliki alama inapobadilishwa.* Faili limewekwa lihesabu kwa amri. Bonyeza F9, kisha katika menyu ya Formulas rudisha Calculation Options kuwa Automatic.

*#NAME?* Jina la fomula limekosewa, au toleo lako halina fomula hiyo, au umesahau alama za kunukuu: COUNTIF(D2:D21,F) haieleweki, COUNTIF(D2:D21,"F") inaeleweka.

*#SPILL! katika Excel, au #REF! katika Google Sheets, kwenye UNIQUE au FREQUENCY.* Kuna seli yenye kitu katika njia ambayo majibu yanapaswa kushukia. Ifute au ihamishe.

*#VALUE! kwenye COUNTIF iliyokuwa ikifanya kazi jana.* Kama fomula inasoma faili jingine, faili hilo limefungwa. Lifungue, au ilete data kwenye faili moja.

*COUNTIF na FREQUENCY zinatofautiana.* Karibu kila mara kuna namba zilizohifadhiwa kama maandishi. Katika Excel, COUNTIF yenye kigezo 45 huihesabu hata 45 ya maandishi, ilhali FREQUENCY, na COUNTIF yenye ">=45", huiruka. Rudi hatua ya 2.

*Gredi A* inahesabiwa kupita kiasi.* Shule zinazofanya mitihani ya Cambridge hukutana na hili. Nyota ndani ya kigezo humaanisha "herufi zozote zifuatazo", hivyo kigezo "A*" huhesabu A, A* na hata ABS. Andika "A~*" ili nyota isomwe kuwa nyota. Tabia hiyo hiyo ina faida yake: "Mbagala*" itakupa Mbagala na Mbagala Kuu kwa pamoja, ambao katika mfano wetu ni 10.

*Namba za NIDA (za kitambulisho cha taifa cha Tanzania) zinaonekana kujirudia wakati hazijirudii.* Watu wengi hutafuta waliosajiliwa mara mbili kwa =COUNTIF($A$2:$A$21,A2), wakitazama jibu lolote linalozidi 1, na kwa namba fupi za mtihani njia hiyo ni nzuri. Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba, na COUNTIF hugeuza maandishi yanayofanana na namba kuwa namba kabla ya kulinganisha, hivyo watu wawili wenye tarakimu 15 za mwanzo zinazofanana watahesabiwa kuwa mmoja hata kama safu imehifadhiwa kama maandishi. Tumia =SUMPRODUCT(--($A$2:$A$21=A2)), inayolinganisha maandishi kama yalivyo. Kama namba ziliingizwa bila seli kupewa kwanza mtindo wa maandishi, tarakimu tano za mwisho zimekwisha kugeuka sifuri na hakuna fomula ya kuzirudisha. Itabidi ziingizwe upya kutoka kwenye fomu.